Ndiyo ya Swali la Kumi na Moja

3 Machi

Mwalimu mheshimiwa,

Shikamoo. Hunijui, nami nakujua kwa makala yako tu, kwa hiyo nianze kwa kujieleza. Mimi ni binti, mwanafunzi wa uzamili katika sayansi ya siasa. Wenzangu wananiita Mrudiaji, kwa sababu sikupewa kubuni utafiti mpya. Nilipewa kurudia utafiti wa watu wengine nione kama jibu litatoka lilelile. Wapo wanaolitamka jina hilo kana kwamba nimerudia darasa. Nimeshazoea.

Utafiti niliopangiwa ni wako na mama, mkeo, ule ambao kila mtu anauita Utafiti wa Hodi. Nimeusoma mpaka kurasa zimelegea. Mlichagua nyumba kwa kura, mtaa kwa mtaa. Nusu ya nyumba mkazitembelea kila wiki, mkapiga hodi, mkakaa, mkazungumza na wenyeji habari za maji, taka na shule. Nusu nyingine mkaziacha. Baadaye mkarudi kote kuuliza nani amehudhuria mkutano wa mtaa. Katika kila nyumba kumi zilizotembelewa, sita walihudhuria. Katika kumi zisizotembelewa, nne tu. Tangu hapo kila halmashauri inayotaka watu washiriki inaajiri wapiga hodi, na hakuna mwanafunzi wa siasa asiyeijua sentensi yenu ya mwisho: anayepigiwa hodi hutoka nje.

Nimeurudia, Mwalimu, na jibu limetoka jingine. Sijui nimekosea wapi. Naomba dodoso lenu la asili, lile la Kiswahili mlilokwenda nalo majumbani. Jarida lilichapisha tafsiri yake tu, na mimi ilinibidi niitafsiri tafsiri. Msimamizi wangu amesema nisipoweza kulieleza jambo hili mbele ya jopo mwezi wa sita, nafasi yangu atapewa mtu mwingine. Sina chuo kingine, wala sina mpango mwingine.

Barua pepe zangu hazikujibiwa. Katibu wa idara yenu ya zamani ndiye aliyenipa anwani hii, akasema huenda karatasi ukaijibu.

Nisalimie mama.

Mrudiaji

*

15 Machi

Binti,

Marahaba. Barua pepe sisomi. Macho yangu na ile mashine tuliachana kwa amani.

Mimi watu walianza kuniita Bwana Hodi kabla wewe hujaota meno ya pili, na wewe si wa kwanza kuja kuuliza kama hodi ilipigwa kweli. Nitakujibu kama nilivyowajibu waliokutangulia. Pengine ulikwenda msimu ambao watu wako kwenye shughuli zao. Pengine wageni wako walikuwa na haraka; mtu huijua haraka ya mgeni kabla hajaketi. Pengine mitaa yako haina mikutano ya maana. Utafiti wa watu si kama kuchemsha maji, kwamba ukiweka moto yatachemka popote pale.

Dodoso la asili limeliwa na panya.

Barua yako nimemsomea mwenzangu, kwa kuwa kazi ile ni yake kama ilivyo yangu, na huko majumbani yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Nikamuuliza kama makala isimame ilivyo. Amesema ndiyo. Basi sisi wawili tumekubaliana, nawe tafuta kosa lako kwako.

Kalamu yako ina adabu. Hesabu ndizo uziangalie.

Bwana Hodi na mwenzake

*

24 Machi

Mwalimu mheshimiwa,

Shikamoo. Poleni kwa panya.

Hesabu nimeziangalia mpaka zimenichosha. Na naona sikukueleza vizuri, kwa sababu niliona haya. Majibu yangu na yenu hayajaachana, yanafanana kupita kiasi, ila yamepinduka kama shati lililovaliwa nje ndani. Kwenu waliotembelewa ni sita kwa kumi, wasiotembelewa wanne. Kwangu waliotembelewa ni wanne, wasiotembelewa sita. Msimamizi wangu alitazama mara moja tu akasema, "Dada, umegeuza safu." Akacheka, akafunga kompyuta yangu kwa mkono wake. Sasa idara nzima inajua kwamba nimegeuza safu.

Sikugeuza. Wala wageni wangu hawakuwa na haraka, kwa sababu mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Nyumba zote nilizipigia hodi mwenyewe. Nilipewa kiti mahali ambapo kiti kilikuwa kimoja. Bibi mmoja alikuwa akinisubiri dirishani, na nikiondoka ananisindikiza mpaka kwenye kona, akinisimulia habari aliyokwisha kunisimulia wiki iliyopita. Mimi pia sikuwa namkatiza.

Ziara zilipoisha nilirudi chuoni, nacho kimefungwa kwa likizo. Ghorofa yetu tumebaki mimi na mlinzi, naye yuko chini. Nawaza vile nilivyopiga hodi mitaa mizima, na mlango wangu mimi haujaguswa hata na mtu aliyekosea chumba. Samahani, hayo hayahusiani na safu.

Katibu alisema masanduku ya utafiti mliyahamishia nyumbani kwenu. Huenda panya hawakuyamaliza. Nauli ninayo, na sitawasumbua. Mwalimu, hutaki nije niyapekue mwenyewe?

Nisalimie mama.

Mrudiaji

*

2 Aprili

Binti,

Kwa lile swali lako la mwisho: ndiyo.

Bwana Hodi na mwenzake

*

12 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo.

Nimerudi salama, ingawa hukuniuliza. Basi la kurudi lilikuwa la jioni, kwa hiyo nilikaa kituoni nikiwa nimeshika tama na mfuko wa machungwa niliyowaletea. Mwishowe nilimpa mwanamke aliyekuwa na watoto.

Nataka kuelewa nilichokosa. Niliuliza kama nije, ukaandika ndiyo. Nimesafiri kutwa nzima kwa neno hilo moja. Nimepiga hodi kwenye geti lako, nikapiga tena, mpaka jirani akatoa kichwa kunitazama. Ulipotoka hukufungua komeo. Ulisimama upande wa ndani na bakuli mkononi na kijiko ndani yake, ukasema, "Sikukwambia uje," na hata jina langu hukuuliza. Nikakwambia ni mimi, Mrudiaji. Ukasema, "Najua." Ukarudi ndani.

Kama ulikuwa unakula na hukutaka kugawana, mimi sikuja kula. Kama uliandika ndiyo ili uone mtoto wa watu atahangaika hadi wapi, basi umeona. Dirishani kwako nilimwona mama amekaa, uso ameuelekeza getini. Nilimpungia mkono. Hakuinua wake.

Sikutegemea hilo kutoka kwa watu walioandika makala nzima ya kupiga hodi, kurasa ishirini na tano. Sitakusumbua tena.

Mrudiaji

*

19 Aprili

Binti,

Marahaba, hata kama uliitoa shingo upande.

Mimi si mtu wa kuchezea watoto wa watu, na kwa kuwa umeniandikia kwa hasira nitakufundisha sarufi, bure. Uliniuliza, "Hutaki nije?" Nikajibu ndiyo. Yaani ndiyo, sitaki. Ukiulizwa "Hujala?" nawe tumbo tupu, unajibu nini? Unajibu, "Ndiyo, sijala." Bibi yako angekujibu hivyo, na mtoto wa chekechea atakujibu hivyo. Mtu anakubaliana na ulichosema. Umesema hajala, naye anasema ndiyo, umesema kweli. Ni nyinyi mliolelewa na vitabu vya wageni mnaojibu "Hapana, sijala," kisha mnamshangaa anayejibu kwa lugha yake.

Ningetaka uje ningeandika njoo. Ni neno fupi, halimalizi wino.

Machungwa ungeyaacha getini. Na lile bakuli halikuwa langu.

Bwana Hodi na mwenzake

*

26 Aprili

Mwalimu mheshimiwa,

Shikamoo, na safari hii ni ya moyo wote.

Barua yako niliifungua palepale posta. Nilianza kuisoma nikiwa bado na hasira, nikafika kwenye "Ndiyo, sijala," nikakaa chini kwenye ngazi. Watu walinipita huku na huku. Mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Sikuombi kuja. Naomba sentensi moja tu. Swali la kumi na moja, lile la mkutano. Kwenye tafsiri ya jarida linasema, "Je, ulihudhuria mkutano wowote wa mtaa?" Ndivyo nilivyouliza mimi. Je, nyinyi majumbani mliuliza hivyohivyo, au mliuliza "hujahudhuria"?

Kwa sababu kama mliuliza "hujahudhuria", watu wenu walijibu kama bibi yangu na kama mtoto wa chekechea. Aliyebaki nyumbani alisema ndiyo. Na aliyekaa ofisini na ile tafsiri mezani, anaingiza majibu kwenye kompyuta, ndiyo akaiandika moja na hapana akaiandika sifuri, akahesabu moja zote kuwa ni watu waliokwenda mkutanoni. Basi wale sita wenu ni watu ambao hawakutoka, na safu zangu ziko sawa.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Sijui. Ajuaye ni karatasi, kama panya wameiacha.

Na bakuli lilikuwa la nani?

Mrudiaji

*

21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, na sikuchelewa kwa sababu ya posta.

Panya hawajala kitu. Hatuna hata panya. Masanduku yako chini ya kitanda cha mke wangu, na kuyatoa lazima yeye ahamishwe kwanza, na mimi peke yangu siwezi kumwinua bila kumuumiza. Huu ni mwaka wa nne tangu apate kiharusi. Bakuli lilikuwa lake. Hakukupungia kwa sababu mkono ulio upande wa dirisha hauinuki, na kama ungeinuka ninaamini angekupungia, maana hajawahi kumwacha mgeni bila salamu.

Kwa nini nilificha? Mwanzo walikuja wengi. Walizungumza naye kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi, kisha wakazungumza nami kana kwamba hayupo. Mmoja aliniuliza mbele yake kama kichwa bado kinafanya kazi. Nikatia komeo. Watu hawakuchukua muda kuacha kuja. Ukiwafungia geti mara mbili, ya tatu wanashukuru. Mtoto wetu yuko mbali, hupiga simu Jumapili, nami humwambia, "Mama yako hajambo." Wenzangu wa chuo wakiandika, ninawajibu kwa majina mawili. Sikuona kama ni uongo. Niliona kwamba nikiandika jina langu peke yake nitakuwa nimemzika.

Na sasa sikia ambalo sijamwambia mtu. Maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Ukimsemesha atakutazama, atahangaika na midomo, na litakalotoka ni ndiyo. Nilikuandikia kwamba nimemuuliza naye amesema ndiyo. Alisema kweli ndiyo. Hata ningemuuliza kama mbuzi anaimba, pengine angesema hivyohivyo. Nilikuwa naichukua ile ndiyo na kuipeleka ninakotaka mimi.

Barua yako niliisoma na kuirudia siku nyingi. Nikamwomba mama anayetufulia anishikie upande mmoja, tukamhamishia kitini, tukavuta masanduku. Dodoso ni la mwandiko wake. Linasema, "Tangu ziara zilipoisha, hujahudhuria mkutano wowote wa mtaa, sivyo?"

Nimekumbuka na sababu. Kwenye majaribio watu walikuwa wanaona haya kusema hawakwenda, wanadanganya. Akasema tuliulize kwa upole, mtu asiyekwenda tumfungulie mlango wa kusema kweli. Nilikubali huku nafanya jambo jingine. Yeye akaenda mitaani na vijana wake, mimi nikabaki ofisini na tafsiri niliyokuwa nimeipeleka jaridani, ile yenye swali kama lilivyokuwa kabla yeye hajalibadilisha. Ndiyo nikaiandika moja. Ni mkono wangu huu. Karatasi zote nakutumia kwa mzigo, zihesabu mwenyewe, lakini mimi nimeshazihesabu. Safu zako ziko sawa.

Siku walipotufanyia tafrija ya ile makala, mke wangu alisimama na bilauri mkononi akasema, "Hawa watu wa mikutano mnaowasifu, mbona mimi nilikuwa nawakuta nyumbani?" Watu walicheka sana. Nilicheka kuliko wote. Nilidhani anatutania.

Nimewaza pia maana yake, kwa kuwa uchunguzi ni uchunguzi hata ukikuvua nguo. Mtu aliyetembelewa kila wiki alikuwa keshapata wa kuzungumza naye, mkutano akautakia nini? Aliyeachwa ndiye aliyevaa viatu akaenda kukaa na watu. Tukaandika kwamba anayepigiwa hodi hutoka. Kumbe hukaa, akingoja hodi nyingine. Yule bibi yako wa dirishani angetuambia hivyo, tungemuuliza vizuri.

Nenda kwenye jopo lako. Usinionee huruma, huruma haina safu.

Bwana Hodi na mwenzake

*

10 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nampa shikamoo na mama, tafadhali umfikishie, na usimwambie kwa sauti kubwa.

Nimepita. Mzigo wako niliubeba mwenyewe mpaka mezani pa jopo, nikauliza kila mmoja wao, "Hujanywa chai?" Ilikuwa asubuhi na kweli walikuwa hawajanywa. Wawili wakasema ndiyo, mmoja akasema hapana, kisha wakatazamana. Baada ya hapo sikuwa na kazi kubwa. Msimamizi wangu alisema, "Kumbe safu zilikuwa sawa," kama mtu aliyeziweka sawa yeye, akaniomba ufunguo wa chumba cha kompyuta kwa kuwa anaondoka likizo. Ndiyo samahani niliyopata.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nilirudi chumbani, nikaondoa viatu, nikasema kwa sauti, "Nimepita," na mlinzi akauliza kutoka chini kama namwita yeye. Nikamwambia hapana, nilikuwa naongea peke yangu. Ndipo nikachukua kalamu, maana mtu niliyetaka kumwambia ulikuwa wewe.

Bado lipo jambo. Jarida limekubali kuchapisha masahihisho, ila kwa sheria zao wanataka ridhaa ya waandishi wote wawili, kila mmoja na sahihi yake. Wasipoipata, makala itaendelea kusimama ilivyo, na halmashauri zitaendelea na sentensi ile. Msimamizi wangu alisema, "Amwekee sahihi tu, nani atajua?" Nimeona nikwambie kwamba amesema hivyo, na kwamba mimi sikuombi hivyo.

Naweza kukwambia tu nilichokuwa nafanya mitaani kwa wazee waliokuwa wanakubali kila kitu ili nisiondoke upesi. Kila swali nililiuliza mara mbili: mara moja linavyotazama mbele, na baada ya mazungumzo kidogo, linavyotazama nyuma. Umekwenda? Hujakwenda? Mtu akisema ndiyo kote kuwili, nilijua sijapata jibu, na niliandika kwamba sijapata. Akijibu moja na kulinyamazia jingine, hilo ni jibu. Sijui kama linafaa kwa mama. Wewe ndiye unayeuona uso wake.

Nimewaza kuuliza kama naweza kuja, nikashindwa kulipanga swali.

Mrudiaji

*

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, kwa sauti ya kawaida. Hongera. Nilimsomea habari ya chai na jopo, na upande mmoja wa mdomo wake uliinuka. Sitakupangia maana yake, nimeacha kazi hiyo.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwekea mbele makala ya zamani na yale masahihisho, nikamweleza taratibu, kosa ni langu, swali lake lilikuwa zuri. Nikamuuliza, "Unakubali tusahihishe?" Akasema ndiyo. Nikamlisha, nikamfuta, tukasikiliza redio. Nikauliza, "Hukubali tusahihishe?" Akasema ndiyo. Nikarudia siku nyingine, hivyohivyo. Kwa hiyo sina jibu lake, na sahihi yake sitaiweka. Nimewaandikia wenye jarida kwamba mwandishi wa kwanza anakiri kosa na anaomba lisahihishwe, na kwamba mwandishi wa pili hawezi kuulizwa, nimewaeleza kwa nini, wazi, bila kuficha. Mstari wake nimeuacha mtupu. Wakikataa, wewe chapisha kwa jina lako, na karatasi zote unazo.

Njoo. Machungwa si lazima. Komeo nimelitoa, ingawa geti lenyewe limezoea kufungwa na linahitaji kusukumwa.

Lakini sikuishia kwenye swali la jarida. Nilijiambia, ikiwa nimelikosea swali moja ofisini, nyumbani je? Kwa kuwa nyumbani ndiko ninakouliza zaidi. Nikaanza kujisikiliza. Nikagundua kwamba mimi ni mtu wa "hujafanya" na "hutaki". Pengine ni upole aliouanzisha yeye, nikauiga, nikausahau. Hutaki maji? Huoni baridi? Mengi kati ya hayo hujibu ndiyo ukiuliza mbele na ndiyo ukiuliza nyuma, kama lile la jarida, na nayaacha.

Lipo moja ambalo hajibu hivyo. Jioni, baada ya kumlisha, humuuliza, "Hujachoka?" Husema ndiyo, haraka, bila kuhangaika na midomo. Safari hii niliuliza na upande wa pili: "Umechoka?" Akanyamaza. Alinitazama tu. Nikangoja, nikauliza tena, akafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. "Hujachoka?" Ndiyo.

Nilirudia kesho yake. Nilirudia kesho kutwa, na wiki iliyofuata, na mara moja nilimwomba mama anayetufulia aulize yeye, nisije nikawa ninamwelekeza kwa uso. Jibu halikubadilika.

Sasa sijui nikuandikie vipi. Kila jioni, mwanangu, tangu alipougua, nilimuuliza kama hajachoka, naye akaniambia ndiyo, hajachoka. Nami nikamfunika, nikazima taa, nikavuta mlango, nikaenda kukaa sebuleni peke yangu.

Bwana Hodi, kwa niaba yake mwenyewe tu